Maswali ya Wasomaji: Nani Mwenye Kauli Juu ya Kuta za Mji wa Kale wa Lamu?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Lamu, moja imetoka Malindi, na zote zinahusu jambo moja: nani mwenye kauli juu ya kinachojengwa, kinachobomolewa na kinachochorwa katika mji wa kale, na mkaaji wa kawaida anaingia wapi katika uamuzi huo. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha, kwa sababu baadhi yao wanazungumza juu ya majirani wanaoonana nao kila siku.

Kwa faida ya wasomaji wa mbali, Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa kisheria kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ukiwa na eneo la takriban hekta 16, ambamo watu wameishi bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya imekuwa ikitoa mwongozo wa ujenzi tangu mwaka huo wa 1986. Tangu 1991 ipo pia Tume ya Mipango, ambayo kazi yake ni kusimamia na kushughulikia mambo mapya yanayoibuka ndani ya eneo la hifadhi. Kibali cha ujenzi chenyewe hutolewa na Serikali ya Kaunti. Kwa hiyo mlango si mmoja, na malalamiko mengi ninayoyasoma katika barua hizi yamezaliwa pale ambapo kila ofisi inadhani nyingine imeshalitazama jambo.

Assalamu alaykum. Mimi ni mjane, nakaa mtaa wa Mkomani katika nyumba ya marehemu wazazi wangu. Jirani yetu ameanza kupandisha matofali ya saruji na nondo juu ya dari yake, na tulipomuuliza alisema ana karatasi ya kaunti. Ghorofa hiyo ikimalizika, dirisha lake litatazama moja kwa moja kiwanda chetu, yaani ua wa ndani ya nyumba, mahali ambapo binti zangu wanapika, wanafua na kukaa bila buibui. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Je, nina haki yoyote, au nimeshachelewa?

Wa alaykum salaam, mama yangu. Haki unayo, na inawezekana hujachelewa, lakini jambo hili halingojei mwezi ujao.

Sheria inayotawala vibali vya ujenzi ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Sheria hiyo inamtaka mwenye kuomba kibali aufahamishe umma juu ya ujenzi anaoukusudia, na inampa mtu yeyote mwenye maslahi katika jambo hilo, si mwombaji peke yake, nafasi ya kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango ya ardhi. Rufaa hiyo hukatwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe, na kamati nayo inatakiwa iisikilize na kuiamua ndani ya siku 14 tangu ilipopelekwa. Asiyeridhika hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kufanya kesho asubuhi ni kwenda ofisi ya mipango ya kaunti na kuomba kuonyeshwa kibali cha jirani yako, ukitazama tarehe yake na michoro iliyoambatanishwa nayo. Ikiwa kibali hakipo, aliyeanza kujenga ametenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Ikiwa kibali kipo, uliza swali la pili: maoni ya afisa wa hifadhi yako wapi? Ndani ya hekta 16 za mji wa kale karatasi ya kaunti haisimami peke yake kama inavyosimama katika kiwanja cha Mokowe au Hindi, kule bara. Yuko afisa wa hifadhi aliyewekwa kuishauri kaunti juu ya majengo ya aina hii, na upo mpango wa hifadhi unaopaswa kufuatwa. Omba uone maoni hayo yameandikwa, kwa maana ushauri uliotolewa kwa mdomo hauwezi kukatiwa rufaa. Nakuomba pia ufahamu kifungu kimoja kinachonitia wasiwasi mkubwa katika mji kama wetu: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu kwamba kibali kimetolewa. Kifungu hicho kiliwekwa ili mwananchi asicheleweshwe na ofisi, nia ambayo ni njema, lakini mahali ambapo faili hupita mikono kadhaa, kimya cha afisa mmoja kinaweza kupandisha ghorofa nzima.

Katika barua yako ya pingamizi usiandike kwamba dirisha linakuudhi tu. Andika kwamba nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa kutazama ndani. Mgeni anapokelewa barazani na dakani, yaani kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, mlango unaingiza mtu kwa kona ili macho ya njiani yasifike uani, kisha inafuata misana, yaani vyumba virefu vyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ndani kabisa, na mwanga wote unatoka kiwandani. Stara ndiyo iliyoipa nyumba umbo lake, na umbo hilo ndilo lililoifanya dunia iuite mji huu urithi wake. Dirisha linalotazama kiwanda cha jirani linavunja kile hasa ambacho Tume na ofisi ya hifadhi zimewekwa kukilinda, na wajumbe wanatakiwa wakujibu hoja hiyo kwa maandishi.

Nakushauri vilevile, kabla ya rufaa au sambamba nayo, umtume mzee wa mtaa azungumze na jirani. Kuongeza chumba juu si uzushi wa leo. Wazee wetu walimjengea binti anayeolewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au wikio linalovuka kichochoro kwenda nyumba ya pili, ili asitoke katika ukoo wake. Pengine jirani naye ana mtoto wa kumwoza. Dirisha hilo linaweza kugeuzwa upande wa pili na ghorofa ikabaki, na ningefurahi zaidi kusikia mmemaliza hivyo kuliko kusikia mmekutana mahakamani.

Mimi ni fundi mwashi wa Langoni. Wateja wangu wanakataliwa saruji na kuambiwa watumie chokaa. Chokaa ni ghali, inachukua muda, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Saruji ni ngumu zaidi. Kwa nini mnaihukumu?

Fundi, umeuliza swali ambalo wataalamu wa hifadhi wangelijibu mara kwa mara na kwa uvumilivu zaidi, badala ya kumwachia mwenye nyumba neno “hairuhusiwi”.

Ugumu wa saruji ndio taabu yenyewe. Ukuta wa nyumba ya kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe, mengi yakiwa yametoka Manda, yakaungwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka katika matumbawe hayohayo. Ukuta huo, wenye unene unaokaribia nusu mita, hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka katika upepo wa bahari, kisha huutoa tena kupitia plasta ya chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu unaendelea kuingia kutoka chini lakini haupati pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, inaganda, inasukuma, na baada ya misimu michache plasta inabanduka vipande vipande ikiwa imeshika uso wa jiwe lenyewe. Maji yaliyofungiwa yanapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyoingizwa ukutani, na boriti ikioza kichwani, dari ya mawe iliyo juu yake haina pa kuegemea. Nondo nazo katika hewa ya chumvi hupata kutu, hufura na kupasua zege kutoka ndani. Bila shaka wewe mwenyewe umeyaona haya katika nyumba ulizoitwa kuzikarabati mara ya pili.

Lipo pia suala la uzito. Vyumba vya Lamu ni vyembamba, upana wake haufiki mita tatu, kwa sababu urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo. Ukiweka sakafu ya zege juu ya kuta zilizojengwa kwa kipimo hicho, unazitwika mzigo ambao mwashi wa kwanza hakuukusudia.

Lakini upande wa pili wa barua yako nauunga mkono kwa nguvu zote. Si haki kumkataza mtu saruji na kumwacha hapo. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyotangazwa mwaka 2018 iliwagusa moja kwa moja wakata mikoko wa Lamu, na mwenye dari iliyooza alijikuta kati ya amri mbili za serikali hiyohiyo, moja ikimwambia atumie boriti na nyingine ikimzuia anayeikata. Naamini kila uamuzi wa kukataza saruji ungepaswa kuambatana na jibu la maswali matatu: chokaa itapatikana wapi, fundi ni nani, na tofauti ya gharama itabebwa vipi na familia ambayo haina hoteli wala mgeni wa kulipa. Jengo ambalo dunia nzima inajivunia haliwezi kukarabatiwa kwa mfuko wa mvuvi peke yake. Mafundi kama wewe mngeketi katika vikao vya Tume mkiwa na sauti, hoja hii isingehitaji kusubiri ukurasa wa jarida.

Sisi ni kikundi cha vijana na tunataka kuchora picha kubwa kwenye ukuta mmoja wa mbele ya bahari: jahazi, wavuvi, na beti za mashairi ya Kiamu. Mwenye jengo amekubali. Tunaambiwa mpaka bodi, yaani Tume ya Mipango, ikae. Kwa nini sanaa yetu ichukuliwe kama uharibifu, hali maduka ya njia kuu yamepakwa rangi za makampuni kutoka chini mpaka juu?

Vijana wetu, mwisho wa swali lenu ndio wenye nguvu, na nitaufikia. Nianze na ukuta.

Idhini ya mwenye jengo ni lazima, lakini haitoshi, kwa sababu uso wa jengo lililo katika eneo la hifadhi, hasa ule unaotazama bahari, ni sehemu ya sura ya mji ambayo mtu huiona kwanza anapoingia kwa mashua akitokea Manda. Majengo yale ya mbele yenye veranda na nguzo hayakujengwa siku moja; mengi ni ya karne ya 19 na baadaye, mji ulipokuwa ukijaza ufuo na kusogea kuelekea majini, na kila moja lina mpangilio wake wa matundu na vivuli. Isitoshe, rangi ya mafuta na rangi za plastiki huziba chokaa kwa njia ileile niliyomweleza fundi hapo juu. Picha yenu ikikaa miaka mitano juu ya ukuta wa matumbawe, inaweza kubanduka pamoja na ukuta.

Kwa hiyo lipelekeni ombi, ila lipelekeni kwa namna itakayowarahisishia wajumbe kukubali. Chagueni ukuta wa matofali mapya badala ya ukuta wa kale, au choreni juu ya mbao au turubai inayotundikwa na kuteremshwa bila msumari kuingia kwenye jiwe. Semeni nani ataitunza picha upepo wa kusi ukishaichakaza, na kwa fedha gani. Semeni mtaiondoa lini. Onyesheni mchoro wenyewe katika karatasi, ukiwa na vipimo na rangi zake, kwa sababu “picha ya jahazi” ni maneno ambayo kila mjumbe atayaona kwa macho yake mwenyewe. Na kama ukuta uko karibu na msikiti, zungumzeni na imamu na walezi wa wakfu mapema. Sura za watu katika njia ya wanaokwenda kuswali zinaweza kuzua maneno, hali beti zenu zikiandikwa kwa khati nzuri zinaweza kupokelewa kwa furaha na watu haohao.

Sisemi haya ili kuwapunguza. Lamu haijapata kuwa mji usio na sanaa ya hadharani. Milango ya kuchonga imewekwa njiani ili ionwe na kila apitaye. Majahazi yalipambwa omo na tezi. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya Pate, baragumu kubwa ambazo leo zinahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, zilikuwa kazi za sanaa zilizopulizwa mbele ya watu katika sherehe kubwa. Na katika miaka yetu hii, Flipflopi, jahazi lililojengwa hapahapa Lamu kwa taka za plastiki na kufunikwa ndara zilizookotwa ufukweni, liliteremshwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar, mwendo wa takriban kilomita 500. Rangi zake zilikuwa kali kuliko mchoro wowote wa ukutani, na hakuna jiwe hata moja la mji lililoguswa. Ngome yenyewe, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kutumiwa kama gereza mpaka 1984, sasa ni mahali pa maonyesho, na uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake hukusanya wazee, watoto na wageni kila jioni. Maonyesho ya wiki mbili pale, yenye mbao zinazoondoka, yangeonwa na watu wengi kuliko ukuta wenu.

Sasa niufikie mwisho wa swali lenu. Mna haki kabisa. Bango na rangi ya kampuni inayofunika duka zima katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni badiliko la uso wa jengo sawasawa na mchoro wenu, tena mara nyingi ni baya zaidi, kwa kuwa halina uhusiano wowote na mahali lilipo na limerudiwa vilevile katika kila mji wa nchi. Bodi inayomsimamisha kijana mwenye brashi na kumpita mwenye mkataba wa matangazo inajivunjia heshima, na siku itakapomkataza tajiri jambo kubwa itakosa wa kuiunga mkono. Katika ombi lenu andikeni aya moja kwa adabu mkiomba kanuni ileile itumike kwa rangi zote, na mtaje majengo mnayoyaona yamekiuka. Mwenye duka asionewe. Mara nyingi amepewa rangi ya bure na hajui kwamba kuna ofisi ya kuuliza. Lakini kampuni inajua.

Je, matangi meusi ya maji na paneli za sola juu ya paa vinahitaji ruhusa?

Ndiyo, uliza kabla ya kununua. Vyote viwili ni mahitaji ya maisha na sioni sababu ya kuvikataza. Suala ni mahali pa kuviweka: nyuma ya ukuta wa paa, mbali na upande wa bahari na wa njia kuu, na juu ya ukuta wenye nguvu badala ya katikati ya boriti. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja.

Nawaandikia kutoka Malindi. Huku nasi tuna nyumba za kale karibu na Msikiti wa Ijumaa, na zinaanguka au kubomolewa bila mtu kuuliza. Kwa nini Lamu ilindwe na Malindi iachwe?

Malindi haikuachwa, ila imelindwa kwa vipande. Yapo majengo na mahali mahususi yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kama Nguzo ya Vasco da Gama inayokumbusha kufika kwake mwaka 1498, kanisa dogo la Wareno, na Nyumba ya Nguzo. Makaburi ya nguzo yaliyo kando ya msikiti unaoutaja nayo yanajulikana sana. Kilichokosekana ni ulinzi wa mtaa mzima, yaani nyumba za kawaida, vichochoro na nafasi baina yake, ambao ndio Lamu iliupata mwaka 1986. Nguzo moja ya Mreno inaweza kutunzwa vizuri huku mtaa uliompokea ukitoweka, na kwa maoni yangu hilo ni kosa la vipaumbele.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inaruhusu eneo lolote lenye thamani ya kihistoria kutangazwa na kulindwa, na wenye mali hupewa muda wa kupinga. Katiba imeiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, lakini mipango ya maendeleo imeipa kaunti. Kwa hiyo Kaunti ya Kilifi haihitaji kungoja Nairobi ili kuutambua mtaa wa kale katika mpango wake wa matumizi ya ardhi. Wakati ni mzuri kuliko ulivyokuwa, kwa sababu magofu ya Gedi, yaliyo jirani yenu, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na macho ya serikali yameelekea upande huo. Anzeni na daftari: kila nyumba ipigwe picha, iandikwe iko wapi, nani anaishi, na hali yake ikoje. Hakuna bodi inayoweza kulinda nyumba ambayo haiko katika orodha yoyote, na nyumba iliyoanguka kabla ya kuandikwa ni vigumu hata kuthibitisha kwamba ilikuwapo.

Mimi ni mvuvi wa Matondoni. Mnabishana juu ya madirisha na rangi, hali bandari kubwa imejengwa ng’ambo na bahari yetu imebadilika. Kuna maana gani?

Ndugu yangu, sitakwambia kwamba dirisha na bandari ni mambo yenye uzito mmoja. Hayana. Lakini yanaunganishwa na swali moja la kisheria, nalo ni kama walioguswa waliulizwa kabla ya kazi kuanza.

Kamati ya Urithi wa Dunia ilipoingiwa na wasiwasi juu ya mradi wa LAPSSET, yaani wa bandari hiyo na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, haikuzungumzia kuta za Mkomani peke yake. Iliitaka Kenya ifanye tathmini ya athari za mradi kwa urithi wa Lamu. Mji wa kale una ukanda wa kinga unaofika mikoko ya Manda na Ras Kitau na vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huchuja na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa. Mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ilikuta kwamba haki za wakaaji, zikiwemo za utamaduni na za kushirikishwa, zilikuwa zimevunjwa, na ikaamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021 hata hivyo. Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa umma kutoshirikishwa ipasavyo.

Walioshinda kesi hizo walikuwa na kumbukumbu: barua, tarehe za mikutano, majina ya waliohudhuria, maelezo ya wavuvi yaliyoandikwa. Ninaposisitiza juu ya kibali cha dirisha la Mkomani, nasisitiza juu ya mazoea hayo. Mji uliozoea kuuliza karatasi ya ghorofa moja utajua pa kuanzia siku litakapokuja jambo la kilomita nyingi. Tena naongeza kwamba kijiji chenu, ambacho ufundi wa kujenga majahazi umekuwa kazi yake kwa vizazi, hakimo ndani ya hekta 16, na sioni haki katika mpango unaolinda nyumba za matajiri wa zamani lakini hauna neno juu ya mahali majahazi yao yalipojengwa. Hilo mngelipeleka mbele ya Tume kwa jina la kijiji, si la mtu mmoja.

Tumerithi gofu la babu yetu, warithi tuko wengi na tumetawanyika hadi Mombasa na Jeddah. Mlango wake wa kuchonga bado mzima. Amekuja mnunuzi, anataka mlango peke yake na anatoa fedha nzuri. Je, tuuze?

Msiuze, na msimruhusu aung’oe “kwa ajili ya kuusafisha”. Chini ya Sheria ya 2006 mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa kisheria, na kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Wanunuzi wengi wa aina hii wanalijua hilo vizuri kuliko wenye mlango, ndiyo maana huja na fedha taslimu na haraka. Lipo pia suala la mirathi: mlango ni sehemu ya nyumba isiyogawanywa, na mrithi mmoja hana mamlaka ya kuuza haki ya wenzake, awe yuko Lamu au ughaibuni. Kama jamaa hamwelewani, Kadhi ndiye wa kuendewa kabla ya mnunuzi yeyote.

Naelewa kwamba gofu halilishi mtu, na kwamba kuambiwa mtunze bila kusaidiwa ni mzigo. Lakini gofu lenye mlango mzima lina njia ya kurudi. Linaweza kukodishwa kwa mkataba wa miaka mingi kwa mtu atakayelijenga kwa masharti ya hifadhi, nanyi mkabaki wenye mali. Nyumba kadhaa za Mkomani zimefufuliwa kwa njia hiyo. Mlango ukishaondoka, thamani ya kiwanja inashuka, na mpangaji wa aina hiyo haji tena.

Wiki hii pigeni picha mlango huo mbele na nyuma, pamoja na kizingiti cha juu na maandishi yake kama yapo, mkapime urefu na upana. Pelekeni nakala ofisi ya hifadhi mkaombe uandikwe, na mkumbuke kuchukua risiti yenye muhuri na tarehe. Nakala nyingine watumieni warithi wote, wa Mombasa na wa Jeddah, kabla mnunuzi hajarudi kumtafuta mmoja wenu peke yake.